Gari Lirudi Kuwa la Lini?

Sehemu ngumu ya kufufua Peugeot 504 nchini Kenya haiko kwenye injini. Injini hiyo inajulikana. Silinda zake ni slivu zinazochomoka, kwa hiyo zikilika fundi hana haja ya kupeleka bloku kwenye mashine ikachimbwe upya. Anazitoa, anaingiza nyingine pamoja na pistoni zake, anabadilisha gasketi, anakaza kichwa, na mwisho wa wiki gari linanguruma. Ugumu huja baadaye, milango ikiwa imeegemezwa ukutani, viti vimerundikwa kwenye veranda na bodi imebaki tupu juu ya magogo. Hapo fundi wa rangi humgeukia mwenye gari na kumuuliza jambo ambalo hakuliwaza wakati akilipa: unataka lirudi kuwa la lini?

La siku lilipotoka kiwandani, au la mwaka 1978 lilipokuwa likipeleka abiria Nakuru? La mwenyewe wa kwanza, mwalimu mkuu aliyelifunika turubai kila jioni, au la mwenyewe wa tatu aliyelipaka kijani kwa sababu kijani ndiyo iliyokuwa dukani siku hiyo? Ni gari lile lile, lakini haiwezekani kuyarudisha yote. Kila tabaka la rangi linalokwanguliwa ili kulifikia la chini yake ni miaka kadhaa inayokwenda na vumbi la msasa.

Swali hilo linawagawa wapenzi wa magari ya zamani, ingawa ukiwakuta wamekusanyika hutadhani wana ugomvi wowote. Nenda Ngong Racecourse, Nairobi, siku ya Africa Concours d'Elegance, ambayo kwa kawaida huangukia mwezi Septemba. Mashindano haya yalianza mwaka 1970 na huandaliwa na klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo, japo gari la aina yoyote hukaribishwa, na pikipiki pia. Hakuna mbio. Magari husimama kwenye nyasi, majaji wakayazunguka na karatasi zao, wakafungua boneti, wakafungua buti, wakapapasa viti, wakachungulia chini, wakataka taa ziwashwe na honi ipigwe. Kila sehemu ina alama zake. Bei ya gari haina alama. Ndiyo maana pikapu iliyowahi kubeba kabichi inaweza kusimama uwanja mmoja na Rolls-Royce na mwenyewe asione haya, maana kinachopimwa ni jinsi kila moja lilivyotunzwa. Wiki za kabla ya siku hiyo ni za mswaki na mafuta ya taa: watu wazima wenye kazi za heshima hulala chali chini ya magari yao wakisugua nati ambazo hakuna atakayeziona ila jaji. Watoto nao huajiriwa, bila mshahara.

Napenda siku ile, na sioni aibu kusema kwamba hukaa pale hadi jua lizame. Lakini ina upendeleo wake, nao ni upendeleo wa mng'ao. Jaji ana nafasi ya kuandika kwamba bampa lina mkwaruzo. Hana nafasi ya kuandika mkwaruzo huo ulipatikana wapi. Kwa hiyo anayetaka kikombe hufanya hesabu iliyo wazi: ananyoosha, anapiga pati, anapuliza rangi, anang'arisha, na gari linafika Ngong kama lililonunuliwa jana, wasifu wake wote ukiwa umefutwa.

Jambo hili lina uzito zaidi kwetu kuliko kwa mpenzi wa magari wa Uingereza au Marekani. Kwa kawaida Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika ambalo limepitisha miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kanuni hiyo haikuwalenga watu wa klabu, lakini imewafikia. Gari la mwaka 1968 huwezi kuliagiza hivi hivi kama unavyoagiza Mazda Demio. Magari ya zamani tunayoyaona barabarani, basi, kwa sehemu kubwa ni yale yaliyokuwa hapa tangu hapo na yakasahauliwa kuuawa. Mjuzi akikutana na moja, hatazami nembo kwanza; anatazama namba ya usajili. Namba isiyo na herufi ya mwisho inamwambia kwamba gari lilisajiliwa kabla ya mfululizo wa KAA kuanza mwishoni mwa miaka ya 80, yaani limekula vumbi la nchi hii kwa zaidi ya miaka 30. Wapo wanaoringia namba hizo kuliko wanavyoringia injini, na siwalaumu.

Katika yaliyobaki, 504 ina nafasi ya peke yake. Peugeot waliizindua mwaka 1968, ikatajwa Gari la Mwaka barani Ulaya mwaka 1969, na katika miaka iliyofuata zipatazo 27,000 ziliunganishwa hapa Kenya. Umbo lake lilitoka kwa Pininfarina, kampuni ya wabunifu ya Italia, lakini aliyeinunua Eldoret au Kisii hakujali Italia. Alijali springi ndefu zinazomeza mashimo, na shafti iliyofichwa ndani ya bomba lake, mbali na mawe. Jina lenyewe lilikuwa limeshajengwa. Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda mbio za Safari Rally mwaka 1963 na tena mwaka 1968 wakiwa na Peugeot 404, na mara zote mbili ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Mwaka 1975 Ove Andersson akashinda na 504. Mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda na 504 ya milango miwili. Muuza magari angetaka tangazo gani tena?

Ila 504 iliyoishi Kenya haikubaki ile iliyotengenezwa kiwandani Sochaux, Ufaransa. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila leseni ya uchukuzi, na pikapu zikavishwa bodi ya bati na mabenchi. Zile ndefu zenye safu tatu za viti zikageuka usafiri wa haraka kati ya miji, zikasifiwa kwa mwendo na kulaumiwa kwa mwendo huo huo. Pikapu ziliongezewa majani kwenye springi za nyuma ili zihimili viazi. Chini ya injini kulifungwa bamba la chuma, juu ya paa kukapachikwa keria, bushi zikakatwa kwenye tairi kuukuu. Dashibodi ilipopasuka kwa jua, mama wa nyumba aliifunika kitambaa cha kufuma, na viti vikapewa vyao vinavyofanana. Yote hayo yalifanywa na watu wa hapa, kwa akili yao na kwa vifaa walivyokuwa navyo, na ukiyakusanya unapata historia ya uhandisi ambayo hakuna aliyeiandika popote isipokuwa kwenye vyuma hivyo.

Kwa hiyo mimi niko upande wa wanaobakiza. Bamba lile la chuma liachwe. Jani la ziada la springi liachwe. Keria iliyochomelewa na fundi ambaye jina lake limepotea ina haki ya kukaa juu ya paa lile kuliko kipande cha plastiki kilichoagizwa Ufaransa kwa bei ya ng'ombe.

Msimamo huu hautokani na ukaidi wa Kiafrika peke yake. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria lililoanzishwa mwaka 1966, lilipitisha mwaka 2012 Mkataba wa Turin, ambao wanachama wake huutumia kama dira ya kuhifadhi magari. Mkataba huo unakubali kwamba mabadiliko yaliyofanyiwa gari katika maisha yake ya kawaida ni ushahidi wa historia yake na yanafaa kuhifadhiwa. Si lazima gari lirudishwe lilivyokuwa siku ya kuundwa. Nashangaa jinsi wazo hilo linavyotajwa kwa nadra katika mazungumzo yetu ya Jumapili. Pengine ni kwa sababu FIVA hao hao wana sharti jingine linalotuchekesha: gari la kihistoria liwe na umri wa angalau miaka 30 na lisitumiwe kama usafiri wa kila siku. Waambie hivyo wenye pikapu za 504 ambazo kesho alfajiri zitapakiwa nyasi za ng'ombe. Kwa kipimo hicho, magari yetu yenye historia ndefu kuliko yote hayahesabiwi kwa kosa la kuwa bado yanafanya kazi.

Kuna mfano ambao wapenzi wa magari wa Kenya wangefaa kuujua kwa moyo, kwa sababu unatuhusu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa mkazi wa Kenya, alishinda Safari Rally na Hans Schüller akiwa na Datsun 240Z, nyekundu, boneti nyeusi, namba 11 mlangoni. Miaka zaidi ya 40 baadaye, wafanyakazi wa Nissan huko Japani wenye klabu yao ya kufufua magari ya kampuni walilichukua gari hilo hilo na kulirudishia uhai. Injini ikaunguruma, gari likatembea. Lakini litazame picha zake leo: mwili bado una mabonde. Watu wenye kiwanda kizima nyuma yao, ambao wangeweza kulinyoosha likawa kioo, waliliacha na uso liliojipatia kwenye barabara za Afrika Mashariki. Gari hilo halingezoa alama nyingi Ngong. Mimi ningelipa nauli kwenda kulitazama.

Upande wangu nao una mipaka yake, na wa kwanza ni breki. Mabomba ya breki ya mwaka 1972 hayana heshima yoyote inayostahili kulindwa, yatupwe. Tairi zibadilishwe kwa umri hata kama kashata zake bado ni nzima, kwa sababu mpira huzeeka ukiwa umesimama. Mikanda ya viti ifungwe hata kama gari halikuja nayo. Mpaka wa pili ni kutu. Hapa Nairobi ina bahati: tuko juu, hewa ni kavu, na hakuna anayemwaga chumvi barabarani kuyeyusha theluji kama wanavyofanya Uingereza. Gari lililozeekea Mombasa ni habari nyingine. Linaweza kung'aa kwa nje huku sakafu yake ikiwa imebaki rangi na zulia tu. Anayenunua aende na sumaku ndogo mfukoni, aipitishe kwenye vizingiti vya milango na juu ya magurudumu. Sumaku hushika chuma, haishiki pati. Muuzaji akianza kuongea sana sumaku ikiwa mkononi mwako, umeshajua bei halisi.

Anayefanya haya yote yawezekane si mwenye gari. Ni fundi, na mara nyingi ni mlolongo wa mafundi wasiofahamiana. Spea hutafutwa kwanza Kirinyaga Road, ambayo wengi bado huiita Grogan, jina la enzi za ukoloni lililogoma kufa. Kisichopatikana Grogan huchongwa. Kariobangi kuna watu wa leth ambao ukiwapa bushi iliyolika na shafti yake wanakutengenezea nyingine bila mchoro, kwa kukadiria kilicholika kutokana na kilichobaki. Na Kariobangi hiyo hiyo ndiko kuliko hatari. Kichwa cha injini ya 504 ni alumini, na alumini kuukuu ikipimwa kwa kilo huyeyushwa na kumiminwa ikawa sufuria. Nimewahi kuwaza ni vichwa vingapi vya injini vinavyochemsha githeri katika nchi hii. Mizani ya chuma chakavu haiulizi gari lilishinda nini wala lilimbeba nani, na kwa mjane aliyeachiwa gari bovu uani, pesa za chakavu ni pesa za leo.

Hapo ndipo klabu inapopata maana, iwe ina cheti cha usajili au ni kundi la watu kumi wanaokutana kunywa chai. Mtu wa Volkswagen anajua nani Thika ana mlango wa kushoto wa Beetle ya mwaka 1967. Mtu wa Land Rover anajua shamba gani Laikipia lina chasisi tatu zilizoegemea mti. Taarifa hizo haziuzwi dukani. Klabu nzuri humwahi yule mjane kabla ya mwenye mizani, ikamlipa zaidi kidogo, na gari lisilofufulika likahifadhiwa kwa ajili ya viungo vyake. Ukiingia kwenye uwanja wa mpenzi wa magari ukakuta gari moja linalotembea na mengine matatu yaliyozamia kwenye majani, usimdhihaki. Hayo matatu ndiyo stoo. Mkewe ana maoni tofauti, na maoni hayo nayo ni sehemu ya mchezo huu.

Klabu pia ndiyo shule ya mambo ambayo fundi kijana hakufundishwa chuoni. Kabureta iliyopangwa Mombasa ikipandishwa Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, hupeleka petroli nyingi mno kwa hewa iliyopungua. Plagi zinakuwa nyeusi na gari linakohoa Limuru. Wazee walibadilisha jeti ndogo na kusogeza muda wa cheche kwa kusikiliza tu. Kisha kuna petroli yenyewe. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi kufikia mwanzo wa mwaka 2006, jambo jema kwa mapafu ya watoto wetu, lakini risasi hiyo ndiyo iliyokuwa ikikinga viti vya valvu kwenye baadhi ya injini za kale. Anayeliendesha gari lake mbali hulazimika kubadilisha viti hivyo kwa vya chuma kigumu zaidi. Hakuna anayeona badiliko hilo, na hata mhafidhina mkali huliruhusu.

Wapo wanaodhani kulihifadhi gari ni kuliendesha mbio. Tangu mwaka 2003, ulipotimia mwaka wa 50 tangu Safari ya kwanza, East African Safari Classic Rally imekuwa ikiyapeleka magari ya kale kwenye barabara za vumbi ambako yalipata sifa. Björn Waldegård alishinda mwaka 2011 akiwa na Porsche 911, mwanawe Mathias akimsomea njia. Magari mengi ya mashindano hayo yana chuma kilichoongezwa kila mahali, hata mtu wa Ngong akayaita ya bandia. Sina la kusema hapo zaidi ya kwamba sauti ya 911 ikipita Tsavo si ya bandia.

Tanzania wana fujo nzuri zaidi. Oktoba 2024 Arusha ilijaa Land Rover, kutoka zile za mashamba hadi za watalii, katika tamasha lililoandaliwa kwa ajili ya gari hilo moja. Land Rover ndiyo inayolivuruga swali letu kabisa. Ilipoanza mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, kwa hiyo bodi yake ikatengenezwa kwa aloi ya alumini, na karibu kila kitu kikafungwa kwa nati. Bodi haishiki kutu, chasisi inashika. Kwa hiyo chasisi hubadilishwa. Injini hubadilishwa. Milango hubadilishana na ya jirani. Ukiiona Land Rover ya miaka 60 mjini Arusha, huenda usipate hata vipande viwili vilivyotoka kiwandani pamoja, na bado mwenyewe atakuapia kwamba ni ile ile ya babu yake. Namwamini. Kwa gari la namna hiyo, kulirejesha hadi siku moja ya maisha yake ni kulidanganyia.

Sasa mstari wa miaka 30 unasonga, nao umeyafikia magari ambayo wazee wa klabu bado wanayaona takataka: Toyota Corolla tuliyoiita DX, Nissan Sunny B12, na zile Subaru za kwanza zilizoingia kwa wingi soko la magari kuukuu ya Japani lilipofunguliwa miaka ya 90. Wanaozipenda ni vijana waliozaliwa zikiwa na KAA au KAC mlangoni mwa baba zao. Hawana haja na Pininfarina. Wanataka viti vile vile vya velveti, redio ile ile ya kanda, na stika ya lugha ya Kijapani ibaki kwenye kioo cha nyuma, kwa sababu gari lilikuja nayo na hakuna aliyeweza kuisoma. Bila kusoma Mkataba wowote, vijana hawa tayari ni watu wa kubakiza.

Tatizo lao litakuwa jipya. Injini ya Subaru ya mwaka 1994 hugawiwa petroli na kompyuta ndogo iliyofichwa ndani ya dashibodi, na katika magari ya miaka hiyo vijipipa vya umeme (kapasita) vilivyomo ndani ya kompyuta hizo huvuja kadiri vinavyozeeka, majimaji yake yakila njia za shaba za bodi. Hakuna mtu wa leth Kariobangi anayeweza kuchonga kitu hicho. Lakini pale Luthuli Avenue, kati ya maduka ya redio na simu, wamejaa watu wenye kioo cha kukuzia na ncha ya moto ya kuyeyushia risasi, wanaobadilisha vijipipa vya aina hiyo kwenye televisheni kila siku kwa pesa kidogo. Wengi wao hawajawahi kushika spana, na klabu za magari bado hazijabisha hodi kwao.